Bastola Zilizozibwa, na Radhi Niliyoichelewesha

Amefariki. Mkewe alinipigia Jumatatu asubuhi kutoka Kismayu, nami niko hapa Mombasa kwenye kibanda cha mahamri, akaniambia kwa sauti kavu, "Mwenzako katangulia. Tumemzika jana kisiwani Chovae, kwao." Nikasema inna lillahi, nikauliza aliugua nini. "Presha," akajibu. Ninyi mnaonisoma kila Jumatano mnamjua marehemu. Niliwahi kumwandika hapa, bila ya jina, na leo sina budi kumwandika tena.

Alikuwa fundi wa mashine za boti karibu na bandari ya Kismayu, kwetu sote. Vita vya Somalia vya tisini na moja vilipotutawanya, wengi wetu tuliishia kwenye kambi za wakimbizi na katika miji ya watu. Yeye alirudi mapema, akisema hataki kufia kwenye foleni ya unga. Mapenzi yake hayakuwa na mpangilio. Alikusanya stempu, alifuga njiwa, na alipenda kupita kiasi muziki wa kale wa Kizungu, ule wa fidla hamsini na hakuna anayeimba. Kanda aliachiwa na baharia mmoja Mtaliano. Akiwasha redio, hakuna aliyehudumiwa mpaka upande wa kanda uishe. Siku moja nilipokwenda kumtembelea nilimkuta na mama muuza samaki, mashine ya boti yao imefunguliwa vipande vipande, mama kakaa juu ya dumu anafoka, "Wallahi, mafidla yako haya yataniozesha samaki!" Naye kainua kidole: "Ngoja, mama. Huyu wa mwisho analia. Mwache amalize." Mama akangoja. Alipokuwa akiondoka akaninong'oneza, eti yule anayelia kafiwa na nani.

Tena alikuwa na bastola. Kumi na kitu, za kale, nyingine zina mipini ya pembe, kazipanga kabatini juu ya kitambaa cha kijani kama vikombe vya harusi. Nilipoziona nilirudi nyuma hadi mlangoni. Akacheka, akanipa moja nitazame mtutuni. Hapakuwa na tundu. Kwa kila aliyoipata aliyeyusha chubwi, vile vizito vya nyavu, akamimina ndani mpaka pakajaa. "Umbo lake nalipenda," alisema kwa lafudhi ya kwao Chovae, ambako mtu huitwa mchu, "kazi yake siipendi. Hii haiui mchu tena." Kaka yake aliuawa kwa bastola wakati wa vita. Hilo hakunieleza yeye, niliambiwa na mkewe.

Nikarudi Mombasa nikaandika, tena kwa madaha! Fundi wa fidla na bastola, msomaji avunjike mbavu. Nikaweka kabati, nikaweka kitambaa na mipini ya pembe. Mitutu iliyozibwa nikaiacha nje, kwa sababu iliharibu kisa. Jina sikulitaja, nikajiona muungwana. Upumbavu gani huo! Kismayu nzima ina mafundi wangapi wanaosikiliza fidla? Safu ikazunguka kwenye simu, na wiki haikuisha, watu wenye bunduki nzima, zisizozibwa, walikuja kutafuta za kwake. Walichukua bastola, wakabeba na redio na kanda zote, naye wakamweka ndani siku nne. Alipotoka hakusikiliza muziki tena.

Nilimpigia kumtaka radhi. Kwetu, aliyekukosea mbele ya watu hakutaki radhi chumbani. Husimama mbele ya wale wale. Alinikumbusha bila ya hasira. "Umenisema kwa wachu wengi, nitake radhi kwa hao hao. Andika kuwa zilikuwa zimezibwa. Basi." Nikamwahidi. Kisha ikaja wiki ya Ramadhani, ikaja ya bei ya sukari, kila Jumatano nikapata jambo nililoliona kubwa kuliko yeye. Ukweli ni kwamba niliona haya. Sisi tulioko mbali tunawageuza waliobaki kuwa visa vya kuchekea, halafu wao ndio wanaogongewa mlango. Kulikiri hilo kwenye safu yangu mwenyewe kulinishinda.

Jumatatu ile mkewe alinieleza kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Miwani ya mumewe ilivunjwa siku aliyokamatwa, kwa hiyo kila Jumatano yeye ndiye aliyemsomea safu hii. "Nikimaliza ataniuliza, 'Hajaandika?' Nikimwambia bado, atasema, 'Ataandika, ni mchu mwema.'"

Basi naandika. Bastola zile zilikuwa zimezibwa, zote, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna hata moja iliyoweza kumdhuru mtu. Nilijua, nikaficha ili mcheke. Msomaji, kama kuna mtu unayepaswa kumtaka radhi, iweke chini safu hii umpigie sasa hivi, angali anaweza kukusikia. Mimi nilimwomba mkewe anisamehe kwa niaba ya marehemu.

"Mimi si yeye," akasema, akakata simu.