Maji Inakunywa Matela

Mwaka mzima niliamini kwamba kidole changu ndicho kilichomuua baba yangu. Kidole gumba cha mkono wa kulia, hiki chenye alama za sindano.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule nyumbani kwangu, katika mtaa wa bondeni hapa Lubumbashi, mahali ambapo mfereji unapita nyuma ya vyoo vyetu ukiwa umejaa chupa na mifuko. Mvua kubwa ikinyesha mfereji unakataa maji, nayo yanakuja kwetu bila kubisha hodi. Umeme unakatika, simu zinapoteza mtandao, na ukipiga kelele unasikiwa na jirani ambaye naye anapiga kelele. Ndiyo maana tulipounda kundi la kujiandaa na majanga, kitu cha kwanza tulichotafuta kilikuwa foni. Foni ndivyo tunavyoita huku redio ya kuongea, ile unayobonyeza ukasema, ukaachia ukasikia. Tulipata nne zilizokwisha kutumika, kutoka kwa walinzi wa ghala moja lililofungwa.

Tatu zilikuwa ndogo, za mkononi. Moja alipewa mlinzi wa shule, moja muuguzi wa mtaa, na moja nilipewa mimi kwa sababu mimi na cherehani yangu hatuendi popote. Ya nne, kubwa, yenye antena ndefu, iliwekwa kwa kiongozi wetu, juu kilimani, katika nyumba ya matofali ambayo maji hayajawahi kuiona. Yeye pia ndiye aliyetunza pikapu ya kundi, ya kubebea wagonjwa na wazee. Kwenye foni yeye aliitwa Kilima, muuguzi Dawa, mlinzi wa shule Kengele. Mimi niliitwa Mto.

Nje ya foni nilimwita yaya, kaka mkubwa. Tulikulia kambi moja ya wafanyakazi wa reli, na mama yake ndiye aliyenifundisha kusonga bukari, ugali wetu, bila mabonge. Foni nilifundishwa na yeye mwenyewe: bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Ukikimbilia kusema, maneno ya kwanza yanakatwa. Na usipobonyeza hadi mwisho, unaongea na nguo zako. Ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yako, unaachia na kungoja. Kila jioni saa kumi na mbili alituita mmoja mmoja kuhakikisha tunapatikana, na mimi sikukosa hata siku moja.

Baba aliipenda foni kuliko nilivyoipenda mimi. Miguu ilikuwa imemkataa na alishinda kitandani, lakini ujana wake aliumaliza kwenye reli, katika kituo kidogo njia ya Sakania, akishika simu ya kituo ili treni mbili zisikutane mahali pamoja. Kila jioni alitusikiliza kama mwalimu anayesahihisha daftari. Alisema reli ilikuwa na sheria moja tu ya maana: anayesikia anajibu. Hata kama huna msaada wa kutoa, jibu kwamba umesikia, ili mwenzako ajue afanye nini. Anayesikia akanyamaza ndiye anayegonganisha treni.

Mvua ya siku ile ilianza saa nane mchana, wakati wa likizo ya Noeli. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Kengele alikuwa kwao kijijini. Muuguzi alikuwa kazini upande wa pili wa mji, na foni yangu ndogo haifiki huko. Mume wangu alikuwa Kipushi kwenye kazi yake. Maji yalipoanza kuingia chini ya mlango nilidhani ni yale ya kila mwaka, nikaanza kupandisha vitambaa vya watu juu ya kabati. Sikufika nusu. Nilipogeuka yalikuwa yamefika magotini, na kitanda cha baba kilikuwa cha chini.

Nilimshika chini ya makwapa nikavuta, nikashindwa. Uzee ulikuwa umemnyang'anya miguu lakini ulimwachia uzito. Basi nikachukua foni juu ya cherehani. Nilitaka kusema kwamba godoro linakunywa maji na baba yuko juu yake. Nilichosema ni hiki:

"Kilima, maji inakunywa matela. Maji inakunywa matela, papa iko juu. Maji inakunywa matela."

Mara tatu, kinyumenyume, bila hata kutaja kwamba mimi ni Mto. Nikaachia, nikangoja. Foni ilikoroma tu. Nikasikia baba, aliyelowa mpaka kiunoni, anacheka nyuma yangu.

"Maji njo inakunywa?" akasema. "Basi tuiache imalize."

Niliita tena na tena hadi mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyejibu, hakuna pikapu iliyokuja. Jirani zangu wawili, walipokwisha kuokoa watu wao, ndio waliomtoa baba, wakiwa wamemlaza juu ya mlango waliouvunja. Alikuwa amekaa kwenye maji ya baridi kwa muda wa karibu saa tatu. Kifua kilimshika usiku huo na hakikumwachia. Aliishi wiki tatu, na kila nilipomletea uji alininong'oneza kuuliza kama maji yamemaliza kukunywa. Utani huo ulikuwa wetu, wa chumbani, mimi na yeye. Sikumsimulia mtu, hata mume wangu. Alipokufa niliuweka kama wengine wanavyoweka saa ya marehemu.

Kwenye kilio yaya alikuja, akakaa mkekani karibu nami. Nilimuuliza kama siku ile alinisikia. Akasema foni ilikuwa imewaka, yeye alikuwa hapo hapo, na hakikuingia kitu. Nikasema, basi labda sikubonyeza vizuri. Aliushika mkono wangu, akaniambia kwa upole kwamba hofu hufanya vidole kuwa vijinga, hata kwa walio na ujuzi. Kisha akasimama mbele ya watu wote, akaomba mtu yeyote asinilaumu. Watu walisema mtu yule ana moyo. Mimi mwenyewe nilimshukuru, na Jumapili iliyofuata nikampelekea kuku.

Baada ya hapo nilikuwa nikishona kidogo, nachukua foni ikiwa imezimwa, nabonyeza, nahesabu moja, naachia. Mara ngapi kwa siku, sijui. Wateja waliniona nikifanya hivyo. Usingizini pia nilibonyeza, mume wangu aliniambia.

Mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, kundi lilipata watu wapya, na tukawaita kwenye uwanja wa shule tuwafundishe. Yaya alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akiwa na ile furaha yake ya kufundisha. Alieleza kubonyeza, alieleza kuhesabu, akafika kwenye hofu.

"Sema kwanza uko nani, na uko wapi," akasema. "Musifanye kama mama moja: maji inakunywa matela, maji inakunywa matela, mara tatu, na jina yake hataji."

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka. Kweli nilicheka, kwa sababu kwa dakika ile niliisikia sauti ya baba, na nilikuwa sijaisikia siku nyingi. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni: maneno hayo niliyasema kwenye foni tu. Yaya alikuwa ananitazama. Aliugeukia ule ubao akaanza kuufuta, nao ulikuwa haujaandikwa kitu.

Nashona nguo tangu usichana, na ile methali kwamba kikulacho ki nguoni mwako nilikuwa nikiwatania nayo wateja wanaoleta nguo chafu. Siku hiyo niliielewa. Nilirudi nyumbani sikupika. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi niliona aibu, aibu ya kuku yule.

Asubuhi nilipanda kilima. Nilimkuta amekaa mbele ya chumba anachohifadhia unga wa mahindi wa biashara yake. Sikuketi.

"Yaya, ulinisikiaka?"

Akasema ndiyo. Alinieleza yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Siku ile duka lake la sokoni lilikuwa linaingia maji, na pikapu ilikuwa na magunia yake. Alidhani atafanya safari moja, kisha atateremka kwetu. Safari ikawa mbili, zikawa nne. Alidhani jirani zangu wameshamtoa mzee. Alidhani mengi. Kujibu alishindwa, kwa sababu ningemuuliza gari liko wapi.

"Na juu ya nini uliniacha niseme ni kidole yangu?"

"Weye njo ulianza kusema," akajibu. "Mi niliitika tu."

Aliitika tu. Ningemsamehe magunia, naapa. Unga ni chakula cha watoto wake, na mtu akiogopa hufanya mambo ya ajabu. Lakini mwaka mzima aliniona kila wiki, akaona kidole hiki kinavyobonyeza hewa, akaniuliza nalala vizuri.

Kisha akaniomba nisiseme kwenye kundi. Mvua ziko karibu, akasema, watu wakijua hawataziamini foni tena, watazizima, na bantu ba huku chini, watu wetu wa bondeni, ndio watakaokufa. Kilichoniuma ni kwamba hakukosea kabisa. Niliteremka bila kumuaga.

Jioni, saa kumi na mbili, foni ilikuwa juu ya cherehani. Zilikuwa zimeongezwa nyingine, kundi zima lilikuwa linasikiliza, na Dawa alikuwa nyumbani kwake. Nikasikia sauti ya yaya, ile ile ya siku zote.

"Mto, Mto, hapa Kilima. Unanipata? À vous."

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka aite hadi mkono umfe ganzi, ajue. Nilikitazama kitanda cha baba, ambacho sasa naweka vitambaa juu yake, nikakumbuka sheria yake ya reli. Nikabonyeza, nikahesabu moja.

"Kilima, hapa Mto. Nimekupata. Na siku ile weye pia ulinipata. À vous."

Foni iliacha kukoroma, yaani alikuwa amebonyeza. Nilisikia kuku wa uani kwake, nikasikia anavuta pumzi. Kisha akaachia bila kusema neno. Akabonyeza tena, akaachia tena. Kidole chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

Halafu ikaingia sauti ya muuguzi.

"Mto, hapa Dawa. Siku gani? À vous."

Nikabonyeza, nikahesabu moja, nikaanza kwa kusema mimi ni nani na nilikuwa wapi.