Mapovu ya Yaya Neema

Nilipokuwa mtoto pale Baraka, mji wetu kando ya ziwa, kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa mapovu ya dada yangu Neema, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa na kifafa. Bibi yetu alituonya kwamba ukiguswa na mapovu yale wakati ameanguka, ugonjwa unahamia kwako. Ndiyo maana Neema alikuwa na sahani yake na kikombe chake, nami nililala nimeugeukia ukuta.

Asubuhi moja tulikuwa tunafua ziwani pamoja na wanawake wengine, maji yakitufika magotini. Nikasikia sauti ile ya kukoroma niliyoijua. Neema akaanguka kifudifudi majini, anatetemeka.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake waliokota nguo na mabeseni yao haraka haraka wakatoka, maana mapovu yalikuwa yameingia ziwani. Mmoja akaniambia, "Mutoto, toka mu mayi. Itakushika na weye."

Nilikuwa na miaka minane, na sikutoka majini. Dada yangu alikuwa anakunywa ziwa mbele ya macho yangu. Nilinyoosha mkono nikashika ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Nguo tu, si mwili. Nikavuta. Kikafunguka, kikabaki mkononi mwangu, na uso wake ukawa bado majini.

Mama mmoja, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa anakwenda shamba, alitupa jembe akaingia. Alimkamata Neema kwapani, akamlaza ubavu mchangani, akamfuta mapovu kwa kiganja kitupu. Kisha akanitazama.

"Ni dada yako? Kuya umushike kichwa."

Sikwenda.

Kwa miezi nilimchungulia mama yule sokoni, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Aliuza mihogo yake na kucheka na wateja.

Baadaye sana muuguzi alituambia kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba kiko dunia nzima, na kwamba kila mahali wapo wanaokufa motoni au majini kwa sababu waliosimama karibu waliogopa kuwagusa. Siku hizi Neema anameza vidonge vyake na ana watoto wawili.

Yeye hakumbuki kitu cha siku ile. Nyumbani walinikuta na kikwembe kimelowa mkononi, wakasema nimemwokoa dada yangu, nami nikanyamaza. Binti yake wa kwanza amempa jina langu. Kila ninapompakata mtoto huyo nataka kumwambia Neema nilichoshika, na mpaka leo naogopa.