Friji ya Njia Tatu na Mteremko wa Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stoo ya chanjo pale Arua Hill, nilifika na spana mpya, zote zinang'aa. Bwana Mkuu wa Karakana hakuzitazama. Alinipa glasi ya maji niiweke juu ya friji ya mafuta ya taa.

"Unaona nini?"

"Naona maji, bwana."

"Maji imelala upande. Basi hii friji haiwezi leta baridi. Na kabla ya kufungua kitu, uliza kwanza mutu anaishi nayo."

Friji zile hazina mota. Moto mdogo huchemsha amonia ndani ya mabomba ya nyuma. Amonia hupanda, hupoa, kisha huteremka kwa uzito wake na kubeba joto la ndani. Friji ikiinama, amonia hukwama njiani. Moto unaleta baridi! Nilistaajabu siku ile, na mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Baadaye nilipelekwa Ludara, chini ya Sista Mkuu wa zahanati. Yeye hakukubali mtu afungue mlango wa friji bila sababu. "Baridi si mgeni wa kuchungulia kila saa," alikuwa akisema. Nilimwogopa kuliko nilivyoiogopa amonia.

Nilikuwa nimeshastaafu siku Hajat Zubeda, muuguzi niliyefanya naye kazi zamani, alipoingia uani kwangu Arua na gari la kulala ndani. Lilikuwa na kitanda, jiko, na friji ya amonia kama zile za stoo, ila hii ni ya njia tatu: gesi, umeme wa ukutani na betri ya gari. Hajat ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa anakwenda Koboko kukaa kwa dada yake, na insulini ya miezi miwili ilikuwa humo.

"Mzee, hii friji iko na shetani," alisema dereva wake, Ramadhani. "Gesi iko, umeme iko. Siku ingine inaleta baridi, siku ingine inakataa."

Friji ya namna hii ikikataa njia moja, ugonjwa uko kwenye njia hiyo: kichomeo cha gesi kimeziba, au waya umekatika. Ikikataa zote, tazama mabomba. Nilijaribu gesi, umeme, kisha betri injini ikinguruma. Siku mbili nzima, baridi safi. Glasi ya maji ilitulia sawasawa.

"Friji ni nzima," nikawaambia. Nilijiona fundi wa mafundi.

Siku ya tatu baada ya wao kuondoka, Ramadhani alipiga simu kutoka Koboko: friji ilikuwa na joto tena. Nilipanda gari la kwanza la Koboko. Ile ilikuwa dawa ya rafiki yangu, na mimi ndiye niliyemwambia aende.

Nilikuta gari limeegeshwa mteremkoni, pua imetazama chini.

"Ramadhani, kwa nini hapa?"

"Stata imechoka, mzee. Kila mahali natafuta mteremko. Asubuhi naachia breki, gari inatelemka, inawaka yenyewe."

Nilicheka kwa aibu. Uani kwangu ni tambarare. Shetani wake alikuwa amebaki barabarani. Niliihoji friji siku mbili, nisimwulize dereva hata neno moja.

Tulilisukuma gari mahali pa sawa, tukawasha gesi. Kisha nikafungua friji nitoe insulini. Ndani palikuwa patupu.

"Hajat! Dawa iko wapi?"

Alitoka nyumbani kwa dada yake akijifuta mikono. "Iko kwa mtungi ya maji, ndani ya mfuko, tangu siku ile tulifika. Wewe ulisema friji ni mzima. Mimi niliweka mkono, nikasikia joto."

Siku hizi watu bado huniletea friji zao. Spana zangu zimeota kutu, na sizililii. Mgeni akifika, nampa kiti na chai, kisha namwuliza friji yake inalala wapi. Na kila nikipita Koboko, Hajat hunitekea maji ya mtungi ule, ananitazama nikinywa, na kuniuliza:

"Fundi, iko baridi?"