Filamu Tuliyoipa Tuzo

Wanaosema Casimir alifukuzwa shule kwa sababu ya kiburi ni waongo. Nawajua vizuri, tulikaa nao meza moja. Mwaka wa 1954, hapa Élisabethville, wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho tulichaguliwa kuamua ni filamu ipi ipewe tuzo ya vijana ya jimbo. Zilikuwa filamu nne za maisha ya kweli, zote zimepigwa na Wazungu wenye kamera zao. Padri Adalbert, mkuu wa shule, alituambia tuko huru kabisa kuchagua. Uhuru huo aliutaja mara tatu, nasi tukavimba vichwa.

Casimir alikuwa mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo alilipiga pasi ya makaa mwenyewe kila asubuhi. Kifaransa chake kilitushinda wote, na alikuwa na tabia mbaya ya kukusahihisha kabla hujamaliza sentensi. Alikuwa ananiudhi sana. Alilelewa kambi ya Makomeno na babu yake, nkambo Pierre, mfanyakazi wa reli aliyechechemea tangu mguu ulipovunjika kazini. Nkambo alifariki mwaka mmoja kabla hatujaonyeshwa filamu hizo.

Tulianza kutazama. Ya kwanza ilikuwa ya kuyeyusha shaba, ya pili ya wakunga, ya tatu ya reli ya kwenda Sakania. Ya nne iliitwa maisha ya mfanyakazi mweusi. Katikati yake akatokea msichana amevaa koti kubwa la kazi na viatu vizito vya mwanamume, anachechemea, anayumba, anatukana watu na fimbo mkononi, na watu wanacheka mpaka wanashika matumbo. Sauti ya Kifaransa ikaeleza: hivi ndivyo pombe inavyomwangusha mweusi siku ya mshahara, hata wanawake.

Pombe! Yule alikuwa Laurentine, dada yake Casimir, na pale palikuwa kwenye kilio cha nkambo Pierre. Kila mtu wa kwetu anajua kazi ya wajukuu msibani: wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanagomba kama yeye, ili watu wamwone mara ya mwisho na wacheke kabla ya kuachana naye. Mzungu alipita na kamera, hakumuuliza mtu hata neno moja, akaenda zake kuandika uongo wake. Mimi nilijua, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo, na nilicheka na wenzangu.

Casimir alisimama akamweleza Padri yote, polepole, kwa heshima. Padri akajibu kwamba kama ni kweli, basi ni vibaya zaidi, kwani Mkristo hachezi mbele ya maiti. Afadhali dunia idhani ni ulevi. Halafu akasukuma mbele yetu karatasi iliyokwisha pigwa mashine, na jina la filamu ya nne limo tayari. Huo ndio uhuru wetu. Wanne tulisaini. Zilikuwa zimebaki wiki saba tupate diploma, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri.

"Mi sitasaini, mon Père," Casimir alisema. "Ule ni nkambo yangu."

Padri hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumapili, wazazi wakija ukumbini kuona filamu iliyoshinda, Casimir ndiye atakayesoma maelezo kwa Kiswahili, neno kwa neno, na asipofanya hivyo atafute shule nyingine. Alitaka kijana amtukane babu yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka hilo damu inanichemka.

Jumapili mchana mapazia yalifungwa, ukumbi ukajaa. Mbele walikaa wageni wa Kizungu, nyuma wazazi wetu. Casimir alisoma vizuri sana mpaka Laurentine alipotokea. Hapo akaiweka karatasi chini.

"Bamama, huyu haiko mulevi," alisema. "Iko Laurentine, mujukuu ya nkambo Pierre." Akanyoosha kidole kwenye vile viatu vizito. "Anavaa bilato ya nkambo, anatembea vile nkambo alikuwa anatembea. Ile siku tulikuwa ku kilio."

Mwanamke mmoja akaanza kulia, akafuata mwingine, na ukumbi mzima ukaomboleza upya, nkambo Pierre akitembea ukutani. Padri akaamuru mashine ya filamu izimwe. Waliolia hawakuzimika.

Jumatatu asubuhi Casimir alitolewa mbele ya darasa, vitabu vyake vikabaki mezani. Nilirudi nyumbani nimewaka moto. Nilimwambia mama yangu, Hortense, kwamba Padri ni mtu katili, kwamba dunia hii imeoza, na maneno mengine makubwa. Aliniacha nimalize.

"Na weye," akaniuliza, "ulisema nini?"

Nilimwambia nilisaini.

Wakati wa kula, wadogo zangu walizunguka bakuli moja la bukari, ugali wetu, kama kawaida, wananawa mikono. Mimi mama alinipakulia peke yangu, juu ya meza, kwenye sahani, na kijiko pembeni, kama anavyowapakulia wageni.