Shangazi wa Mlango Wazi

Siku fundi viatu alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, Shangazi alikuwa ameinama mlangoni, akisukumiza nusu tofali chini ya mlango mkubwa wa jengo ili usijifunge. Fundi alikuwa anatafuta vyumba vya kukaa yeye na mama yake. Alisimama nje akikuna kisogo, maneno yamemkauka.

"Ingia, baba! Mbona unasimama kama mchumba aliyekosea nyumba? Hapa mlango haufungwi. Mlango wa kufungwa ni wa wachoyo."

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Alikuwa msimamizi tu wa jengo, mwenye nyumba akikaa mbali, lakini wapangaji wote walimwita hivyo. Mtoto akiumwa, yeye ndiye aliyembeba. Mke na mume wakigombana, aliwatukana wote wawili mpaka wakacheka. Mama yake fundi, mzee wa magoti mabovu, Shangazi alimpa chumba cha juu chenye roshani, aote jua.

"Huyu wifi yangu," alisema. "Nikimweka gizani, kaka yangu atanilaani huko kaburini."

Kaka mwenyewe, marehemu baba yake fundi, Shangazi hakuwahi kumwona hata kivuli. Fundi alicheka, na tangu siku hiyo akajihesabu kuwa ana ndugu mjini.

Kabla ya mvua, wakaguzi wa majengo walikuja wakati watu wako kazini, wakagongagonga kuta, wakaenda zao. Jioni yake Shangazi alimwita fundi wasukume jiwe kubwa la uani.

"Tofali limechoka, baba. Upepo wa siku hizi una mkono."

Walilisukuma mpaka mlango ukagandamana na ukuta. "Ukioa," alisema akihema, "nitacheza mpaka kiuno kiombe likizo." Kesho yake fundi alishona soli akitabasamu peke yake.

Mvua zilinyesha, zikapungua. Mchana mmoja jirani alimkimbilia kazini: roshani imeanguka, na mama alikuwa juu yake.

Alimkuta uani katikati ya zege na nondo zilizooza kwa kutu, nyonga imevunjika, anapumua kwa shida. Walimlaza kwenye godoro wamtoe hadi barabarani, lakini pale mlangoni jiwe likawazuia. Wanaume wawili walilibingirisha kando. Mlango ukajirudisha wenyewe, polepole, na upande uliokuwa ukutani ukaonekana. Palikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu.

Fundi alisoma kwa shida, midomo ikicheza. HATARI. Wapangaji wasikanyage roshani za jengo hili. Ile sheria mpya ya kuwatahadharisha wapangaji alikuwa ameisikia redioni, akadhani ni ya nyumba za wengine. Tarehe ilikuwa ya siku ile ya jiwe.

Shangazi alikuwa amesimama ngazini.

"Ulijua?" fundi akauliza.

"Mngehama wote, baba. Jengo likibaki tupu, mimi nani ananiweka?"

"Na wifi yako?"

Mama aliguna kwenye godoro. Fundi akashika pembe ya godoro, wakaanza kutoka. Sauti ikamfuata mgongoni, ndogo, bila mzaha wake wa siku zote.

"Mimi sikuvunja sheria, baba. Ilisema tangazo libandikwe mlangoni. Haikusema mlango ufungwe."