Maranda Niliyoogopa Kuyafuata

Kila nikipita mbele ya karakana ya seremala na harufu ya mbao iliyotoka kupigwa randa ikanifikia, huongeza hatua. Wenzangu huivuta harufu hiyo na kuisifu. Mimi hunirudisha Shanwe, pale Mpanda, miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka tisa, ndoo ya plastiki mkononi na uongo mdomoni.

Mwaka ule mama aliletewa vifaranga hamsini kwa treni kutoka Tabora, ndani ya boksi lenye matundu lililokuwa linapiga kelele lenyewe kama redio mbovu. Baba alikuwa Usevya kwenye mashamba ya mpunga, na mama alishaapa kwamba akirudi atakuta tunauza mayai. Alikuwa ameandaa chumba cha stoo, akazungusha vipande vya bati vikawa duara, katikati akaweka jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu. Kilichobaki ni matandiko ya chini, na jambo hilo mama alilipima kama watu wanavyopima mchumba. Magazeti aliyakataa kwa sababu vifaranga huteleza juu yake, miguu ikatanuka kama ya chura. Pumba za mpunga za mashineni zilikuwa zimenyeshewa. Alizinusa, akakunja uso. "Zina ukungu hizi. Wataugua vifua."

Ndipo akanituma kwa fundi Bernado, seremala.

"Ulete maranda, Pili. Yale yanayojikunja, yanayotoka kwenye randa. Usiniletee vumbi la msumeno. Vumbi watalila wakidhani ni chakula, litawaziba. Umenisikia?"

Nilimsikia vizuri sana. Tatizo langu lilikuwa mbwa. Fundi Bernado alikuwa na mbwa mwekundu aliyefungwa mnyororo, na kwa macho yangu mnyororo ule ulikuwa mrefu kupita kiasi. Siku ile nilifika hadi kwenye ua, mbwa akasimama bila kubweka, akanitazama tu. Niliokota maranda machache yaliyopeperushwa nje na upepo, yakafika robo ya ndoo. Kisha nikaenda kwa wapasua mbao waliokuwa jirani yetu, nikazoa vumbi mara tatu. Nyumbani nilimwaga vumbi chini, juu nikatandaza maranda vizuri. Mama alichungulia, akanipigapiga begani. "Msichana wangu mkubwa."

Jirani yetu Mama Kulwa alikuja kuona. Alikuja pia Bibi Nyanzobe, aliyeishi peke yake nyumba ya pili, mzee mwenye macho mekundu kama pilipili. Alipiga magoti kwa shida, akawaangalia vifaranga muda mrefu, akasema, "Wazuri hawa. Wazuri mno." Akajikongoja kwenda zake.

Siku ya tatu vifaranga walishafukua maranda na kufikia vumbi. Siku ya nne wanne walikufa. Mama alikuwa mpishi wa shule, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, hivyo kila mchana mimi ndiye niliyekaa nao. Niliwaona wakidonoa vumbi lile, shingo zao zikivimba na kuwa ngumu. Kabla mama hajarudi nilikuwa nasawazisha maranda juu yake. Nilijua, na nilinyamaza. Niliogopa fimbo ya mama, na zaidi niliogopa uso wake.

Mama Kulwa ndiye aliyelisema kwanza. "Mama Pili, huoni? Yule mzee aliwatazama, akawasifu. Macho yale si bure."

"Acha hayo," mama alijibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Siku ya sita walishakufa kumi na tano. Alasiri nilikwenda kisimani nikakuta watu wanazungumza, na jina la Bibi Nyanzobe linapita mdomo hadi mdomo. Kijana mmoja alisema kule alikotoka, watu wa namna hiyo hawaachwi. Hakumalizia. Alipitisha kiganja hewani, polepole, kama anayefyeka majani. Mwingine akasema, "Leo jioni tukamsalimie." Wakacheka, na kicheko kile kikanitia baridi kwenye jua kali. Niliacha ndoo palepale, nikakimbia.

Kwa bahati mama alikuwa ametoka kazini mapema, yuko uani anachagua mchele. Nilianguka miguuni pake.

"Mama, si Bibi! Ni mimi. Niliweka vumbi. Niliogopa mbwa."

Aliniangalia kama hanijui. Nilisubiri kofi, halikuja. Aliingia stoo, akafukua matandiko kwa mkono, akatoka na kifaranga aliyekufa mchana ule. Alimpasua shingo kwa wembe juu ya sahani. Ndani palikuwa na donge la vumbi la mbao, jekundu, limeshikana kama ugali.

"Twende," akasema, akanishika mkono.

Kwa Mama Kulwa aliinua sahani mbele ya uso wake. "Tazama. Mchawi wangu huyu hapa, nimemzaa mwenyewe." Kisimani akafanya vilevile, akanilazimisha niseme kwa sauti mbele ya wote. Yule kijana wa kiganja aliangalia pembeni. Hakuna aliyecheka.

Kisha tukaenda kwa Bibi Nyanzobe. Jua lilikuwa bado kali, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Mama alibisha.

"Mko wangapi?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Bibi. Mama Pili, na mtoto. Wawili tu."

Tulisikia kitu kizito kikiburutwa. Mlango ulipofunguka niliona ni kinu, alikuwa amekiegemeza mlangoni. Nilipiga magoti nikamwambia yote huku nalia. Alininyanyua, akanipangusa kwa kanga yake, iliyonuka moshi wa kuni uliomfanya awe na macho mekundu miaka yote ile.

"Waliobaki wanakula?" akauliza.

Wanakula, mama alimwambia. Jioni ileile aliniongoza hadi kwa fundi Bernado, tukabadilisha matandiko yote, na vifaranga waliobaki wakapona.

Bibi Nyanzobe aliishi pale miaka mingine mingi. Mama alikuwa akinituma kwake na maji au mboga, na kila nilipobisha, hata saa sita mchana, aliuliza kwanza, "Mko wangapi?" Nami nilikuwa nacheka, ndugu zangu, nikidhani ni mazoea ya uzee, nikamjibu kwa utani, "Tuko mia, Bibi!"

Kulikuwa na ukimya kidogo kabla ya mlango kufunguka. Nilishakuwa mama wa watoto watatu ndipo nikaelewa kwamba katika ukimya ule alikuwa akisikiliza miguu iliyosimama nje, aihesabu.