Swichi ya Mtu Aliyelala

Jamani, shangazi yangu haamini mtu. Hata ukimsalimia vizuri atakuuliza unataka nini. Ni fundi umeme wa magari, mimi msaidizi wake, na pale gereji wanamwita Mama Testa, maana testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, haitoki kwenye kilemba. Sababu anayo. Mwaka juzi alifunga redio kwenye gari la mteja mpole kweli kweli, kumbe gari la wizi! Akalala mahabusu siku mbili. Tangu hapo kila mteja kwake ni mshukiwa.

Basi juzi mchana akaja baba mmoja mnene na pikapu yenye kanopi, lile paa la faiba la kufunika nyuma. Vioo vyote vya kanopi kaviziba kwa karatasi nyeusi. Anataka taa ndani.

"Swichi nikuwekee mbele kwa dereva?" shangazi akauliza.

"Hapana dada, humo humo ndani. Chini, karibu na sakafu."

Shangazi akaacha kukata waya. "Kwani unabeba nini?"

"Mizigo tu."

"Mizigo inayojiwashia taa?"

Yule baba akacheka kicheko cha kukohoa. Jasho hilo!

Shangazi akanivuta pembeni. "Swichi ya chini ni ya mtu aliyelala. Huyu anafungia watu humo. Akikamatwa, wa kwanza kutajwa ni mimi." Nikapiga picha namba ya gari kimya kimya.

Akamrudia. "Kaka, bila ukweli sifungi kitu."

Baba wa watu akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Nalala mimi. Nakoroma, dada. Mke wangu alinivumilia miaka yote, sasa tuna kichanga, hakilali, naye halali. Nikahamia uani, kwenye gari. Humo giza tupu, kila nikiamka najigonga." Akaonyesha nundu kwenye paji la uso.

Mimi nimeuma midomo nisicheke. Shangazi hata tabasamu!

"Hata yule wa redio alikuwa na maneno matamu. Panda. Lala nisikie."

"Sasa hivi?"

"Kwani usingizi una saa?"

Akapanda, akajinyoosha kwenye godoro lake humo ndani. Shangazi kasimama mikono kiunoni kama askari wa zamu. Dakika tano, kimya. Kumi, kimya.

"Unaona? Mwongo," akaninong'oneza.

We! Mkoromo ukaanza kama meza inaburutwa, mara ukawa trekta kabisa. Kanopi inatetemeka! Fundi matairi akatoka mbio: "Nani kawasha kompresa yangu?"

Shangazi bado haamini. Akainama kumchungulia kope, kama zinachezacheza. Wapi. Akamfinya kidole cha mguu. Trekta likapandisha gia tu.

Ndipo akachukua chaki, akachora alama ya swichi ubavuni mwa kanopi, pale pale mkono wa yule baba ulipoangukia. Tukaanza kazi: waya mwekundu na fyuzi yake kutoka kwenye betri, mweusi mpaka kwenye bodi ya chuma, maana faiba haipitishi umeme. Drili inalia, mwenyewe yuko ndotoni!

Alipoamka, taa inawaka na swichi iko pale pale karibu na mkono wake. Akaona na matundu mawili mapya karibu na mlango.

"Haya ya nini, dada?"

"Ya hewa. Usije ukanifia humo wakasema ni Mama Testa."